Je, Ni Halali Kumtilia Shaka Mwalimu wa Watani?

Swali tutakalolipima mwezi huu huenda likaonekana dogo, na wengine watashangaa kulikuta katika kurasa hizi. Walakini ni swali ambalo hapa Ifakara halipiti juma lisisikiwe, sokoni, stesheni ya reli, na katika vibanda vinavyoonyesha mpira jioni. Chama cha Yanga kikipata mwalimu mpya, watu wa Simba husema, "Huyu hajui kitu, ngojeni mtaona." Simba nayo ikipata mwalimu, watu wa Yanga hujibu kwa maneno yale yale. Basi twauliza: Mtu apata wapi kumjua mwalimu ambaye hajaanza kazi? Na kama hamjui, ana haki gani ya kumtolea hukumu? Au katika mpira kila neno ni halali, kwa kuwa ni mchezo tu?

Hatuandiki ili kuwakataza watu mpira. Yanga ilianza mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, zote mbili Dar es Salaam. Hii ya pili iliitwa Sunderland kwa miaka mingi, mpaka ilipochukua jina la Simba mwaka 1971. Kwa hiyo ubishi huu ni mkongwe, nao watoto wameurithi kwa baba na babu zao. Tangu Kidatu penye miwa mpaka Mlimba penye mpunga, nyumba moja yaweza kuwa na baba wa Yanga na mwana wa Simba, na wote wawili wakala sahani moja. Jambo lililodumu hivyo lina nguvu juu ya mioyo ya watu, na kila lenye nguvu juu ya mioyo yafaa lipimwe.

Tuanze na mambo yaliyotukia. Mwaka 2023 Yanga iliachana na Nasreddine Nabi, mtu wa Tunisia, aliyeipa ubingwa wa nchi mara mbili mfululizo na kuifikisha fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Mahali pake akaja Miguel Gamondi wa Argentina, aliyekwisha kufundisha Afrika Kusini, Algeria na Morocco. Watu wa Simba wakafurahi wakisema kwamba Nabi ameondoka na Yanga yake. Mwezi wa Agosti vyama viwili vikakutana Tanga kugombea Ngao ya Jamii. Hakuna aliyefunga bao, na Simba ikashinda kwa penalti. Basi wenye shaka wakaona wamepata ushahidi: "Hatukuwaambia?"

Lakini wahenga walisema, kutangulia si kufika. Tarehe 5 Novemba ya mwaka ule ule wakakutana tena Dar es Salaam katika ligi, na Yanga ya Gamondi ikaifunga Simba mabao 5 kwa 1. Siku chache baadaye aliyeondolewa kazini hakuwa Gamondi, bali Roberto Oliveira, yule mwalimu wa Simba aliyeshinda Tanga. Mwisho wa msimu Gamondi alikuwa na ubingwa wa ligi na kombe la shirikisho la nchi. Wale waliomcheka mwezi wa Agosti walisemaje? Wengi hawakusema kwamba walihukumu kabla ya wakati. Walihamia hukumu nyingine, wakasema si kazi yake, ni wachezaji aliowakuta. Tulitazame sana jambo hili. Mtu akishindwa husemwa ameshindwa yeye. Akishinda husemwa wameshinda wengine. Kipimo kisichoweza kumpa mtu haki yake kwa njia yoyote si kipimo, ni fimbo tu.

Upande wa pili nao usijione safi. Julai 2024 Simba, iliyokuwa imeshika nafasi ya tatu katika ligi, ilimwita Fadlu Davids wa Afrika Kusini. Mwaka uliotangulia alikuwa msaidizi katika chama cha Raja cha Casablanca, kilichotwaa ubingwa wa Morocco pasipo kushindwa hata mara moja. Watu wa Yanga wakalishika neno lile moja, "msaidizi," wakaligeuza kuwa jina la dhihaka, kana kwamba aliyemsaidia fundi mkuu hajui kushika nyundo. Wakasahau, au hawakutaka kukumbuka, kwamba aliwahi pia kuwa mwalimu mkuu huko kwao, Maritzburg United. Msimu haukwisha kabla Simba haijafika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, fainali yake ya kwanza ya Afrika tangu mwaka 1993. Ilishindwa na RS Berkane ya Morocco, 2 kwa 0 ugenini, na 1 kwa 1 Zanzibar tarehe 25 Mei 2025. Lakini mwenye kufika fainali hawezi kuitwa mtu asiyejua kitu.

Hapa yupo atakayetupinga, naye ana hoja. Atasema, "Katika muda wake wote Fadlu hakupata kuishinda Yanga hata mara moja. Basi shaka yetu ilikuwa ya kweli." Tena ataongeza mfano wa Romain Folz, Mfaransa aliyepewa kazi ya Yanga Julai 2025, naye hajatimiza miaka 40. Watu wa Simba walisema ni kijana mno. Na kweli, ingawa aliichukua Ngao ya Jamii mwezi wa Septemba kwa kuishinda Simba yenyewe, mwezi wa Oktoba aliondolewa baada ya Yanga kufungwa 1 kwa 0 na Silver Strikers huko Malawi. Je, hawa hawakuona mbali?

Twajibu hivi. Neno likitokea kuwa kweli, haifuati kwamba aliyelisema alijua. Yupo mzee ambaye kila mwaka, mvua zinapokaribia, hutangaza kwamba mwaka huu mto Lumemo utafurika. Miaka mingine haufuriki, watu wakamsahau; mwaka ukifurika husimama kifua mbele na kusema, "Niliwaambia." Hakujua, alisema neno moja kila mwaka, na mwaka mmoja ukamfuata. Mwenye kujua ni yule aliyetazama maji yanavyopanda, akauliza habari za mvua ya milimani, akahamisha mpunga wake ghalani mapema. Wawili hawa husema neno moja, lakini mmoja ana maarifa na mwingine ana bahati. Vivyo hivyo shabiki anayemtilia shaka kila mwalimu wa watani, pasipo kubagua, atapata wachache walioshindwa, kwa sababu kazi ya ualimu wa mpira haidumu. Gamondi mwenyewe, pamoja na makombe yake, aliachwa na Yanga Novemba 2024 baada ya kushindwa na Azam na Tabora United katika ligi. Kama wote huondoka siku moja, kutabiri kwamba huyu ataondoka si unabii.

Basi tuitenge shaka katika aina zake, maana si zote za namna moja. Iko shaka ya asiyejua, naye akiri kwamba hajui. Huyu husema, "Simfahamu mtu huyu, tumngoje." Hiyo ni shaka njema, nayo ni mwanzo wa elimu. Iko shaka ya mwenye kujua: ameona timu ikicheza mara nyingi, ameona mabeki wakiachwa wazi kwa makosa yale yale, naye asema, "Mwalimu huyu halitengenezi jambo hili." Hiyo nayo ni njema, hata ikiwa chungu, na mara nyingi huipata kwa watu wa chama chenyewe, kwa sababu ndio watazamao kila siku. Lakini iko shaka ya tatu, ambayo kwa kweli si shaka bali ni tamaa iliyovaa nguo ya shaka. Mtu asema, "Nina wasiwasi kama ataweza," na moyoni maana yake ni, "Natamani asiweze." Midomo yatoa hukumu, kumbe moyo watoa ombi.

Na kwa nini tamaa hiyo ivae nguo isiyo yake? Twafikiri ni kwa sababu nyuma yake iko hofu. Mkulima wa bonde letu hulala katika dungu usiku kucha ili viboko wasiingie katika mpunga. Hakuna mkulima akeshaye kumlinda kiboko aliyekufa. Kama watu wa Simba wangeamini kweli kwamba mwalimu wa Yanga hafai kitu, wangenyamaza wakacheka kimya, wakimtakia akae miaka kumi. Yule anayesema juma zima, asubuhi na jioni, kwamba mtu fulani si kitu, amekwisha kutuonyesha kwamba mtu huyo ni kitu. Kuogopa si dhambi; mpinzani mpya ni kama njia usiyoijua. Lakini ni bora mtu aseme, "Namwogopa," kuliko kusema, "Hafai," kwa kuwa neno la kwanza lasimulia habari za moyo wake mwenyewe, ambazo azijua, na la pili lasimulia habari za mtu mwingine, ambazo hazijui.

Wengine watauliza, "Je, mnataka shabiki awe hakimu? Ushabiki ni kupendelea. Asiyependelea si shabiki." Neno hili lina uzito, nasi hatutaki kulipita. Ni kweli kwamba mapenzi hayagawanywi kwa mizani. Mama humpenda mwanawe kuliko wa jirani, wala hakuna amlaumuye. Vivyo hivyo mtu wa Yanga ana ruhusa kutamani Yanga ishinde na Simba ishindwe, na mtu wa Simba kinyume chake. Pasipo hivyo mchezo wenyewe hauna utamu. Lakini yatupasa kutofautisha kutamani na kushuhudia. Mama ampendaye mwanawe, akisimama barazani kusema habari za mtoto wa jirani, hana ruhusa kumwita mwizi kwa kuwa tu si wake. Moyo una haki ya kuegemea upande; ulimi hauna haki ya kushuhudia usichokiona. Hapo ndipo ulipo mpaka.

Tena husemwa kwamba haya ni utani tu, na kwamba Simba na Yanga huitwa watani wa jadi. Vema, lakini na tukumbuke utani ni nini. Wazee wetu hawakuuacha utani uwe pori lisilo na njia. Mtani hukudhihaki mbele ya uso wako, si nyuma ya mgongo wako. Mtani hukudhihaki kwa neno ambalo yeye na wewe na wote wasikiao mwajua kwamba limepita kiasi, hata mtu asilishike kuwa kweli. Na mtani, kukitokea msiba nyumbani mwako, huja kuchimba kaburi na kubeba maji, akichekesha watu ili huzuni ipungue. Basi utani una mambo matatu: ni wa wazi, hauaminiki kuwa kweli, na mwisho wake ni msaada. Tukiupima kwa mambo hayo usemi wa siku hizi juu ya mwalimu mgeni, twaona kwamba sehemu yake ni utani wa kweli, unaochekesha na kupita. Lakini mtu anaposimulia kwa uso mkavu kwamba mwalimu fulani amefukuzwa kwao kwa wizi, naye hana ushahidi. Au anapomdharau kwa rangi yake, au nchi yake, au dini yake. Na habari hiyo ikatumwa kwa simu kutoka Kibaoni hata Mahenge kabla ya jua kuchwa, basi huo si utani tena. Ni uongo uliokopa jina la utani ili upite mlangoni.

Sisi tuliofundishwa Katekisimo Ndogo tangu utoto twajua kwamba amri ya nane yakataza ushuhuda wa uongo juu ya jirani. Luther katika maelezo yake hakuishia katika kukataza. Alifundisha kwamba yatupasa kumtetea jirani, na kuyachukua mambo yake kwa upande ulio mwema. Je, mwalimu wa mpira aliyetoka Argentina au Ufaransa ni jirani yetu? Hatujapata kuona mahali palipoandikwa kwamba ujirani hukoma penye chaki ya uwanja. Mtu huyo ana mke na watoto wasomao yanayoandikwa juu yake, na ana mkate autafutao kama sisi tuutafutavyo.

Yako pia madhara yatupatayo sisi wenyewe, wala si yule mgeni tu. La kwanza ni la fedha. Katika bonde letu mpunga huvunwa kati ya Mei na Julai. Mwezi wa Julai ndio ambao mara nyingi vyama hutangaza walimu wapya, na Agosti au Septemba ligi huanza. Basi kijana ana fedha ya mavuno mkononi katika siku zile zile ambazo masikio yake yamejaa maneno kwamba mwalimu wa watani hajui kitu. Kwa kuwa ameyasema mara mia, ameyaamini. Na kwa kuwa ameyaamini, huenda kubeti fedha ya mbegu za mwaka ujao juu ya kushindwa kwa mtu asiyemjua. Matusi hayakumgharimu yule mwalimu shilingi moja, bali yamemgharimu mtukanaji magunia. Dharau ni mshauri mbaya wa mwenye fedha, kwa maana humfanya aone kile anachokitamani na asione kilichopo.

La pili ni la mazoea ya ulimi. Mtu haachi mazoea yake katika kibanda cha mpira akatoka mtupu. Aliyezoea kuhukumu mwalimu kabla ya kazi atamhukumu vivyo hivyo mwalimu mpya wa shule aliyehamishiwa Mngeta, na mganga mpya wa zahanati, na mwenyekiti wa kijiji, na mkwe aliyetoka kabila lingine. "Ametoka wapi? Hawezi." Mara ngapi tumeona mtu mwema akivunjwa moyo katika miezi mitatu ya kwanza, si kwa makosa yake, bali kwa sababu watu walikuwa wamekwisha kukubaliana juu yake kabla hajashuka garini? Zamani, kabla ya daraja, watu walipovuka mto Kilombero kwa kivuko na kwa mitumbwi, aliyesimama ng'ambo angeweza kuona mtumbwi ukiyumba akasema mpiga kasia ni mjinga. Lakini mkondo uliokuwa chini ya mtumbwi hakuuona. Aliyekuwa ndani alijua kwamba kuyumba kule ndiko kulikookoa watu. Watazamaji wa ng'ambo ni wengi daima, na wapiga kasia ni wachache.

Liko jambo moja la mwisho, nalo limetokea karibuni. Wahenga walituonya tusiwatukane wakunga na uzazi ungalipo. Yule Gamondi aliyechekwa Tanga, akasifiwa Dar es Salaam, akaachwa na Yanga, baadaye alikwenda Singida Black Stars. Novemba 2025 akapewa kwa muda timu ya taifa. Kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika, lililochezwa Morocco kutoka Desemba 2025 mpaka Januari 2026, Taifa Stars ilitoka sare na Uganda na Tunisia, ikavuka hatua ya makundi kwa mara ya kwanza tangu ilipocheza kombe hilo mwaka 1980. Ikaondolewa na Morocco wenyewe kwa bao 1 kwa 0. Katika siku zile mtu wa Simba na mtu wa Yanga walikaa benchi moja, wakimtakia heri mtu yule yule. Swali letu ni hili: Je, yule aliyemwita mjinga mwaka 2023 alikuwa na la kusema mwaka 2026? Kama mtu alikuwa mjinga, kwa nini sasa tumempa taifa? Na kama hakuwa mjinga, kwa nini tulisema? Mwalimu wa watani leo aweza kuwa mwalimu wetu sote kesho, kama mganga wa kijiji cha pili awezavyo kuitwa usiku mwanao anapougua.

Basi halali ni ipi? Hatusemi mtu asitie shaka. Twasema ajiulize maneno matatu kabla ya kufungua kinywa. Kwanza: Nimeona nini kwa macho yangu, na nini nimesikia tu? Pili: Kama chama changu kingemleta mtu huyu huyu, mwenye sifa hizi hizi, ningesemaje? Watu wangapi wa Yanga wangaliliita neno "msaidizi wa mabingwa" kuwa sifa, kama Fadlu angalikuja kwao! Tatu: Akifanya vema, niko tayari kusema hadharani kwamba amefanya vema? Asiyeweza kujibu swali la tatu kwa "ndiyo" hana shaka. Ana uadui, nao wamtafutia sababu.

Na ashangilie chama chake kwa sauti yote. Aimbe, avae kijani au nyekundu, amtanie jirani yake mpaka wote wawili washike mbavu. Lakini habari za uwezo wa mtu na ziachwe mpaka mtu mwenyewe amefanya kazi, kama mkulima aiachavyo mbegu ngeni mpaka mavuno, asiisifu wala kuilaumu ikiwa bado mfukoni.